Chakula cha Aliyemvunja Mkono

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, wa bati kugusa bati. Kifuniko cha bakuli kilikuwa kikitikisika juu ya bakuli lake ndani ya kikapu, hatua kwa hatua, kutoka lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Bondeni mpaka kona ya barabara inayopanda kuelekea kituo cha polisi. Nilikuwa nikiusikia adhuhuri, mimi nikirudi kula na yeye akitoka. Wiki iliyopita, nilipopata habari kwamba mwenye kikapu kile amefariki, sikuiona sura yake kwanza. Niliusikia mlio ule. Habari nililetewa na bibi mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima ambaye wazazi wake walikuja Nakuru kutoka pwani zamani za reli. Alinifuata mpaka dukani ninapofanya kazi ya kupima na kukata vitambaa. Alisimama mbele ya meza bila kugusa kitambaa chochote, na mtu asiyegusa kitambaa katika duka la vitambaa huwa hakuja kununua. "Mwanangu," akasema, "yule mwenzetu ametutoka. Kifua. Wamemfikisha hospitali asubuhi, adhuhuri hakuiona." Mwenye duka, Mhindi ambaye kwa kawaida hapendi tupige soga wakati wa kazi, aliuchukua mkasi mkononi mwangu akaniambia nikakae nyuma ninywe chai.

Nyinyi mnaonisoma hapa kila wiki mnanijua. Mimi ni mtu wa kucheka, shule yangu iliishia darasa la saba, na ndoto zangu ni nyingi kuliko vyeti vyangu. Nimewahi kuwaandikia kuhusu hamu yangu ya kusoma habari kwenye redio, na kuhusu kofia niliyoiona dirishani nikaivaa kichwani mwangu kwa mawazo mwezi mzima. Leo nitaandika polepole kidogo. Jina lake silitaji, kama ilivyo desturi yangu, lakini wa Bondeni watamtambua, na wale wote waliowahi kula kwake karibu na mahakama watamtambua upesi zaidi.

Miaka hiyo ya mwanzo wa sabini tulikuwa tumepanga vyumba vinavyopakana, mimi na dada yangu upande huu, yeye na mumewe upande ule, katikati ukuta wa mbao usiojua kuweka siri. Mumewe alikuwa fundi wa magari katika garaji moja ya mjini, na nisimnyime haki yake, alikuwa mtu wa mizaha na mikono yenye akili. Redio ya dada yangu ilipokufa aliifufua kwa bisibisi na uzi. Akipata mshahara alileta miwa akagawia ploti nzima. Lakini alikuwa pia na hasira iliyokuja bila kubisha hodi. Ikija, sisi majirani tulifanya kile ambacho watu wa ploti walikuwa wakifanya miaka hiyo: kila mmoja aliongeza sauti ya redio yake. Ilikuwa ndiyo adabu yetu. Mambo ya mtu na mkewe, tulisema, na watangazaji wakasoma habari za dunia kwa nguvu juu ya kilio cha mtu aliye hatua chache kutoka kitandani mwako.

Kisha ikafika jioni ambayo chakula kilichelewa, na mkono wa kushoto wa mkewe ukavunjika. Asubuhi alibisha mlangoni kwetu, mkono ameufunga na kitambaa cha kichwa, uso umevimba upande mmoja. Hakulia. Aliniambia, "Wewe unajua kusoma. Nisindikize polisi." Nikamwuliza kama ana hakika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika ya kiu. "Nimekuwa na hakika tangu usiku," akasema. "Nilikuwa nangoja kuche tu."

Kituoni tulimkuta askari kijana mezani, mwenye sare iliyopigwa pasi ikasimama. Akamwuliza amepigwa na nani. Mume wangu. Kwa nini? Chakula kilichelewa. Askari akageukia wenzake, "Sasa mama, si ungepika mapema?" Wakacheka. Mimi nilitamani sakafu ile ya simenti ipasuke tuingie. Lakini nyuma yao palikuwa na koplo mmoja wa makamo, mtu wa tumbo kidogo na miwani iliyofungwa waya, aliyekuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini, akaja, akafungua kile kitambaa taratibu, akautazama mkono. "Hii si maneno ya kupika," akamwambia yule kijana. "Hii ni mfupa. Andika." Basi ikaandikwa kwenye kitabu kikubwa cha ripoti, tukapewa fomu ya polisi ya kujazwa na daktari, tukaenda hospitali, na akatoka huko na mkono mweupe wa plasta, mzito kama jiwe la kusagia.

Mumewe walimchukua garajini siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko ya mchana. Walioona walisema alidhani anaitwa kutengeneza gari la polisi, akaomba anawe mikono kwanza. Alipoambiwa sababu alicheka. "Mke wangu amenishtaki? Yule?" Akapanda gari lao akiwa bado anacheka.

Sasa ndiyo inakuja ile habari ya kikapu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, marehemu aliniita chumbani kwake. Sufuria ilikuwa motoni, maji yanachemka, unga uko kando. "Nishikie sufuria," akasema, "nina mkono mmoja." Nikashika kwa vitambaa viwili, yeye akasonga ugali kwa mkono wa kulia, ule wa plasta ameutundika kifuani. Nilidhani ni chakula chetu. Alipoanza kupakua kwenye bakuli la bati lenye kifuniko ndipo nikashtuka.

"Dada, hiki ni cha nani?"

"Cha mtu aliye seli."

"Unampikia? Huyo aliyekuvunja?"

"Wewe msichana," akasema bila kuniangalia, "shika sufuria, usishike kesi."

Kwetu, na mnajua, mtu wako akiwa seli humwachi ale cha serikali ikiwa una unga. Hata wanaogombana hufanya hivyo. Ni kitu cha heshima ya nyumba, hakihusiani na mapenzi. Lakini macho yangu yalikuwa hayajawahi kuona ugali unaosongwa kwa mkono mmoja kwa ajili ya yule aliyeuondoa mwingine kazini, na nilikasirika mpaka nikamwaga maji moto kwenye mguu wangu. Alinicheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu juzi yake.

Kituoni kulikuwa na sheria kwamba anayeleta chakula lazima akionje mbele ya askari, isije ikawa amekitia kitu. Yule koplo wa miwani alifunua bakuli, harufu ya sukuma wiki iliyokaangwa na kitunguu ikapanda. "Onja mama." Akaonja. "Onja na mboga." Akaonja mboga. Koplo akavuta pumzi ndefu. "Huyu bwana yako ni mjinga wa aina gani?" akauliza, kama mtu anayeuliza njia. Marehemu akafunika bakuli. "Hiyo mtamwuliza nyinyi, afande. Mimi nimeuliza miaka, sijajibiwa." Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila adhuhuri mpaka mdhamini alipopatikana. Watu barabarani walianza kusema. Wanawake wengine walimpongeza kwa moyo mwema. Wengine walisema ameshasamehe, kesi imekwisha, kilichobaki ni kutafuta gari la kumrudisha mwanamume nyumbani. Na aliyeyashika maneno hayo kwa mikono miwili ni shemeji yake, ndugu mkubwa wa mumewe, mwenye bucha kule Kikopey.

Mumewe alifikishwa mahakamani mara ya kwanza kesho ya kukamatwa kwake, alasiri ya siku ile ya chakula cha kwanza. Mimi, kwa ndoto zangu, nilikuwa nimeichora mahakama kichwani yenye nguzo na simba wa mawe. Nilikuta mabenchi, feni isiyozunguka, na kuku wa mtu anayepita barazani bila kuitwa. Karani alisoma shtaka kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili: Jamhuri inamshtaki fulani kwa kumpiga na kumjeruhi mkewe. Akaulizwa, kweli au si kweli? Akasema si kweli. Hakimu akasema anaweza kwenda nje kwa dhamana, yaani apatikane mtu anayejulikana, mwenye mali, anayekubali kushikwa yeye kama mshtakiwa atatoroka. Akaongeza sharti: mpaka kesi isikizwe, asikanyage ploti ile wala asimguse shahidi. Tukatoka barazani, nikamsikia shemeji mwenye bucha akiwaambia wenzake, "Jamhuri? Kwani huyo Jamhuri ndiye alipigwa? Mwenye kupigwa ni shemeji yangu, na mimi nitaongea naye."

Akaja kweli, Jumapili, na wazee wawili, na kondoo dume amefungwa kamba. Walikaa sebuleni kwa bibi mwenye nyumba, kwa sababu chumba cha marehemu kilikuwa kidogo na kwa sababu bibi alisema waziwazi hawataongea naye akiwa peke yake. Mimi niliitwa kupeleka chai, nikachelewa kuondoka kwa makusudi.

"Shemeji," akasema mwenye bucha, "sisi tumekuja kwa amani. Kondoo huyu hapa. Umempelekea mtu wako chakula kila siku, mji mzima umeona. Umesamehe. Sasa nenda utoe kesi, mtu arudi kazini."

"Nimesikia."

"Kusikia si kujibu."

"Kondoo ni mzuri, shemeji. Mpelekeni kwa baba yangu Njoro. Mumwambie ni wa nini. Mimi hata kamba siwezi kushika."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenye bucha hakucheka. Aliinama mbele, sauti ikashuka. "Sikiza vizuri. Ukimfunga ndugu yangu, chumba chako unalipa na nini? Na yule mtoto aliye kwa mama yako ni wa nyumba yetu. Tutamchukua. Hakuna mahakama itamlisha." Bibi mwenye nyumba akaweka kikombe chake chini. "Bwana we," akamwambia, kwa ule upole wa watu wa pwani unaokata kuliko kisu, "ndani ya nyumba hii tunakunywa chai. Vitisho hupikwa kwingine." Wakaondoka na kondoo wao.

Usidhani marehemu hakuogopa. Nilimwona. Alikaa kizingitini mpaka jua likahama, akiukunakuna mkono chini ya plasta kwa kijiti. Akisema kweli mbele ya hakimu, angeweza kupoteza chumba na binti yake wa pekee. Akiyala maneno yake, angerudi chumbani mle na mkono mmoja mzima uliobaki wa kuvunjwa. Asubuhi aliniambia, "Twende nikachukue kesi yangu." Alisema vile mtu anavyosema twende nikachukue viatu vyangu kwa fundi. Na hapo ndipo nilipoliona kosa letu sisi sote, watu wa kutoka mashamba tuliokuja mjini: tulidhani kesi ni mali ya aliyeileta. Kule nyumbani ndivyo ilivyokuwa. Unawapelekea wazee shauri, ukitosheka unaliondoa, mnakula, mnapakana mafuta, yamekwisha.

Koplo alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, kesi si yako tena," akasema. "Ni ya serikali. Wewe sasa ni shahidi. Ingekuwa kofi tu, hakimu ana ruhusa ya kuwaambia mkapatane, na mara nyingi anafanya hivyo. Lakini hii ni mfupa. Unaweza kusimama mbele yake useme unataka iishe. Atakuuliza kama umetishwa. Utamjibu nini?"

Marehemu akaupandisha mkono wa plasta kifuani.

"Wanasema mke hawezi kushuhudia juu ya mumewe," akajaribu tena.

"Kama yeye ndiye aliumizwa, anaweza. Na akiitwa, anakuja. Usiposema kweli pale ukiwa umeapa, hilo nalo ni kosa lako." Kisha akavua miwani, akaisugua kwa shati. "Na huyo anayekuambia juu ya mtoto, akija tena, wewe kuja hapa useme. Kumtisha shahidi ni kesi nyingine kamili."

Tukarudi nyumbani. Karibu na soko aliniambia kitu nilichokishika mpaka leo. "Unajua," akasema, "nilikuwa nimebeba kitu kizito peke yangu. Kumbe kuna mtu ameshika upande wa pili." Hakuzungumza tena habari ya kuchukua kesi.

Siku ya kusikizwa, watu wa mumewe walijaza mabenchi. Upande wetu tulikuwa wawili, mimi na bibi mwenye nyumba aliyekuja na mwavuli ingawa hapakuwa na dalili ya mvua. Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi. Marehemu akashika Biblia kwa mkono wa kulia, akasema yaliyotokea bila kupamba. Daktari naye akaieleza ile fomu. Halafu hakimu akamwambia mshtakiwa, asiye na wakili, kwamba ana haki ya kumwuliza shahidi maswali. Hilo sikulijua. Sikujua kwamba aliyekupiga anaweza kusimama mbele za watu akakuuliza. Ninalitaja ili msomaji asishtuke kama nilivyoshtuka mimi.

Akasimama, shati jipya, mikono imesuguliwa mpaka weusi wa grisi ukabaki kwenye kucha tu. Alikuwa amejiandaa, unaona.

"Nilipokuwa seli, ni nani alikuwa ananiletea chakula?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Ulikuwa unakipika mwenyewe?"

"Na mkono mmoja."

Watu wakanong'ona. Yeye akatabasamu kama mtu aliyekaza nati ya mwisho. "Mheshimiwa, mwanamke hawezi kumpikia mtu aliyemkosea. Huyu alikuwa amenisamehe. Si ulikuwa umenisamehe?"

Kalamu ya hakimu ilisimama. Mimi nilimshika bibi mkono, au yeye alinishika, sikumbuki. Kisha marehemu akasema, kwa sauti ileile aliyoniambia nishike sufuria:

"Nilikuletea chakula kwa sababu ulikuwa na njaa. Nilikuleta hapa kwa sababu ulinivunja mkono. Hayo ni mambo mawili. Wewe ndiye umeyachanganya, tangu ile siku ya chakula kuchelewa."

Hakimu aliandika hilo neno kwa neno. Mumewe alikaa chini. Hakuuliza lingine.

Alipatikana na hatia. Kabla ya hukumu hakimu alimwuliza marehemu kama ana la kusema, akasema, "Mheshimiwa, sitaki afungwe. Nataka asinipige. Kama iko njia ya katikati, nipatie hiyo." Sheria haimlazimu hakimu kumsikiliza, lakini yule alimsikiliza. Alimweka mumewe chini ya probesheni, awe akiripoti kwa ofisa wa kumwangalia mwenendo wake, na akaapishwa kuweka amani: akivunja kiapo, anaingia ndani bila mjadala. Wengine barazani walisema ameponea. Wengine walisema mke amemwaibisha mtu mzima. Shemeji mwenye bucha alipita karibu nasi akasema, "Haya, umeshinda, nenda ukaolewe na Jamhuri." Bibi mwenye nyumba akafungua mwavuli wake katikati ya jua, akamfunika marehemu nao, tukaenda zetu.

Hawakurudiana. Mumewe alimaliza probesheni yake, akaenda Olkaria walikoanza kuchimba mvuke wa ardhini, akafanya kazi ya mitambo. Mtoto hakuchukuliwa na mtu. Marehemu alibaki na chumba chake, na kwa kuwa kupika ndiyo kazi aliyoijua, akafungua kibanda cha chakula karibu na mahakama. Waliokula pale ni makarani, askari, na watu wanaongoja kesi. Na polepole, bila kibao wala tangazo, wanawake wakaanza kuja wasiokuja kwa ajili ya chakula. Alikuwa akiwasongea ugali huku akiwaeleza: utaandikwa kwenye kitabu, usiondoke bila kupewa fomu ya daktari. Atakamatwa, lakini usidhani atakaa ndani, karibu wote hutoka kwa dhamana, basi sema mapema kama unaogopa, ili hakimu aweke masharti. Watu wake watakuja na maneno matamu, kisha machungu. Kesi itaahirishwa, usichoke. Atakuuliza maswali, usimtazame yeye, mtazame hakimu. Na ukitaka kumpelekea chakula, mpelekee, wala mtu asikuambie umesamehe kama hujasamehe. Wengine waliendelea na kesi, wengine walirudi nyumbani. Hakumdharau yeyote. "Kila mtu anajua uzito wa mzigo wake," alikuwa akisema, "mimi namwonyesha tu pa kuushikia."

Nimelifikiria hili sana wiki hii. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Mwanamke akipigwa huko nyumbani alikuwa na pa kukimbilia: kwa baba yake. Na mume alilazimika kumfuata huko, akakalishwa chini mbele ya ukoo mzima, akaulizwa. Palikuwa na macho ya watu. Mjini tumejenga vyumba kumi vinavyotazamana, tumewaacha kina baba Njoro na Molo na kwingineko, na badala ya macho ya watu tumeweka redio. Kwa hiyo mwanamke anapotembea kwenda kituoni havunji mila, nadhani. Anatafuta nyumba ya baba katika mji usiokuwa nayo. Mara nyingine anakuta imefungwa, anamkuta kijana wa kucheka mezani. Mara nyingine kuna mtu anayeweka kikombe cha chai chini. Ningependa tuishi katika nchi ambayo hilo halitegemei bahati ya zamu, na mimi ni mtu wa ndoto, kwa hiyo naamini tutafika.

Tulimzika Jumamosi Njoro, katika shamba la baba yake, ngano ikiwa imeanza kubadilika rangi. Binti yake alisimama mbele, mrefu sasa. Mumewe alikuja kutoka Olkaria, akasimama nyuma kabisa, hakuomba kusema. Wanaume walipoanza kufukia alichukua koleo na hakuliachilia kwa mwingine mpaka kazi ikaisha. Aliyeomba kusema ni shemeji, yule wa bucha. Nywele zimeingia mvi, sauti imelainika. Alimsifu marehemu, na sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani hivyo ndivyo anavyokumbuka kweli. "Huyu dada," alisema, "alikuwa mvumilivu. Alipita mengi, akavumilia. Mabinti mlio hapa, igeni uvumilivu wake." Watu wakasema amina. Na mimi nikawatazama mabinti waliokuwa pale, wengine wa rika langu, wengine wadogo, wakiinamisha vichwa kulipokea neno lile kama chakula.

Hakuvumilia. Ndiyo maana aliishi. Alikuwa na huruma, na huruma si uvumilivu. Alijua mpaka wa kila kimoja, akampa mtu mwenye njaa chakula na mtu mwenye kosa kesi yake, hata walipokuwa mtu huyohuyo mmoja. Tukimzika kwa sifa isiyo yake, tutakuwa tumewanyima wale mabinti kitu cha pekee alichokuwa nacho cha kuwaachia. Mtu hafundishwi kunyamaza kwa mfano wa aliyesema.

Jumatatu nilifika dukani mapema, kabla ya mwenye duka, nikafungua kwa ufunguo wangu. Pale juu ya meza, mahali wanapoona kwanza wanawake wanaowanunulia mabibi harusi, palikuwa pametundikwa leso nyekundu nzuri, imeandikwa: Mvumilivu hula mbivu. Inauzika sana. Nilipanda kwenye kigoda nikaitungua, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini kabisa ya rundo. Mahali pake nikatundika kitenge cha maua, kisicho na neno hata moja.